Siku Mbili Bila Kujichafua

Jumatatu, 7 Machi 1994
Rozina ameondoka asubuhi kwa kivuko, amekwenda Sengerema kumuuguza mama yake. Atarudi Jumapili. Nimebaki na Odeta, binti yetu wa miaka mitatu kasoro miezi miwili. Maagizo ya mke wangu: uji wa dona, papai, maji mara kwa mara, na nisimharakishe mtoto kwa jambo lolote. Nimekubali yote.

Nina mpango. Chekechea ya kanisa hapa Kiseke inapokea watoto wapya Jumatatu ijayo, ila haitaki wanaojichafua. Mhoja, mtoto wa jirani yangu Chenge, ameshakubaliwa. Ni mdogo kwa Odeta kwa mwezi mzima. Chenge amenipa habari hiyo mara nne. Basi Rozina akirudi, atakuta mtoto amefuzu. Tangu nipunguzwe kazi ghalani sijamshangaza kwa jambo lolote jema.

Nimebandika karatasi mlangoni. Akitumia poti, alama ya vema na biskuti mbili. Akijichafua, alama ya kosa.

Jumanne, 8 Machi
Asubuhi hakuna kitu. Mchana amejichafua nyuma ya pazia, huku analia. Vilikuwa vidonge vidogo vikavu, kama vya mbuzi. Ukavu ulinifurahisha, kufagia kulikuwa rahisi. Nimeweka alama ya kosa, kubwa, nikamweleza mbele ya Mhoja kwamba wasichana wakubwa hawafanyi hivyo. Pengine sauti ilipanda kidogo. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Nadhani ameelewa.

Jumatano, 9 Machi
Safi kutwa nzima! Poti halijatumika, lakini kutojichafua nako ni ushindi. Nimempa biskuti zake. Papai amelikataa kwa kuwa biskuti zipo. Nimelila mimi.

Alhamisi, 10 Machi
Safi tena. Ana mtindo mpya. Anashika ukingo wa kiti, anasimama kwa ncha za vidole, anabana mapaja. Uso unamwiva, jasho linamtoka puani. Kisha hali hiyo inapita, anarudi kucheza. Nadhani ni ngoma aliyofundishwa na Mhoja. Nimempigia makofi.

Nilimweleza Chenge uani kuwa siku ya pili hii hajachafua hata nguo moja. Akaniuliza kama amepata choo popote pengine. Nikamjibu kuwa hilo ni swali la mwenye wivu. Akaingia kwake.

Swali lake limenikaa kichwani. Nimemwekea mtoto poti mara sita. Mara zote sita alilia kabla hajaketi.

Ijumaa, 11 Machi
Balaa. Majimaji ya kahawia kwenye nguo yake ya ndani, kidogo kidogo, tangu asubuhi. Yanatoka bila mwenyewe kujua. Anahara.

Nimechukua hatua. Matunda marufuku. Maji nimepunguza, ili kusiwe na cha kutoka. Nimempa uji mzito wa mchele, ndizi za kuchemsha na chai ya rangi iliyokolea. Karatasini sikuandika kitu, kwa sababu sijui kama kuhara ni kosa.

Jioni amekataa kula. Tumbo lake limejaa. Rozina anarudi keshokutwa.

Jumamosi, 12 Machi
Nitaandika yote.

Asubuhi Odeta alijikunja sakafuni analia. Kwenye nguo kulikuwa na mchirizi mdogo wa damu. Nilimbeba nikatoka bila viatu. Chenge alikuwa anapakia marobota yake ya mitumba kwenye baiskeli aende sokoni Buzuruga. Aliyashusha yote chini bila kuuliza neno. Akatupakia sisi, mimi nyuma, mtoto mapajani mwangu, akakanyaga mpaka zahanati.

Muuguzi ni mama wa makamo, anaitwa Dorotea. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza mtoto anakula nini. Nikasema dona na papai. Akamtazama Odeta, akamuuliza yeye. Odeta akasema, "Biskuti."

Akampapasa tumbo taratibu, akaushika mkono wangu akauweka chini kushoto. Niliuhisi uvimbe mgumu kama kiazi.

"Hiki ni choo," alisema. "Kimekauka humu. Hayo majimaji yanapenya pembeni yake. Mtoto haharishi, baba. Amefunga choo. Na wewe ukamnyima maji."

Nikaeleza habari ya ile ngoma ya vidole. Akasema hakuwa anacheza, alikuwa anakizuia. Choo kikiwa kigumu kinauma, kikiuma mtoto anakizuia, akikizuia kinazidi ugumu. Hiyo damu imetokana na mchubuko mdogo. Kisha akainama kwa Odeta akamuuliza kwa nini hataki kukaa kwenye poti.

Odeta alinitazama kwanza. Akasema, "Baba ataandika."

Sikuwa na pa kuweka macho. Chenge, ambaye angeweza kucheka, alitazama dirishani.

Tumepewa dawa ya kulainisha choo, kwa kipimo chake. Maji, matunda, mboga za majani, maharage, dona. Kila baada ya kula akae kwenye poti dakika chache, miguu ikanyage chini vizuri, bila ukali. Akitapika, tumbo likivimba au akipata homa, nimrudishe hapo hapo. Nisitarajie kupona kwa siku mbili. Ni wiki kadhaa.

Nimeichana karatasi.

Jumapili, 13 Machi
Saa nne asubuhi Odeta amepata choo. Kingi mno. Tulilia wote wawili, yeye kidogo, mimi zaidi. Rozina alipofika nilimweleza kila kitu kabla hajatua kikapu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu ni agizo gani kati ya yale manne lililokuwa gumu kushika. Ningependa kugombezwa.

Jumamosi, 26 Machi
Odeta anapata choo laini kila siku, bila kulia. Dawa inaendelea. Mwalimu amesema nafasi yake ipo, aje akiwa tayari, hakuna haraka. Nimemuahidi Rozina kuwa nimejifunza, na mtoto atakua kwa mwendo wake.

Ila leo nimegundua Odeta ananyonya kidole gumba. Mhoja hanyonyi. Nimechunguza uani nusu saa nzima, hanyonyi kabisa. Jambo hili halihusiani na choo, kwa hiyo ahadi hailigusi. Nimesaga pilipili kichaa mbili, nikajipaka mwenyewe kwanza kupima ukali, kisha nikasahau nikasugua jicho. Naandika haya jicho moja limefumbwa. Pilipili ni kali mno kwa mtoto, hilo nakiri.

Kesho Rozina akienda kanisani nitatafuta shubiri.