Uzinduzi wa Chumba cha Katuni za Kifaransa

Mheshimiwa Mkaguzi wa Elimu uliyetoka mkoani, Madam Asnath, waheshimiwa madiwani mliofika na mliotuma udhuru, wenyeviti wa vijiji, wa kamati, na wa kamati zinazosimamia kamati, Baba Paroko, shehe wetu uliyepanda milima kutoka Kirando tangu jana, wazee, shikamooni, vijana, mambo, Mwalimu Fransiska wa somo la Kifaransa, pamoja na wanafunzi wako wa kidato cha pili mlioketi hapo nje juu ya matofali, mgeni rasmi, ambaye kwa unyenyekevu usio na kifani ni mimi mwenyewe, Clemens Abeli, Mratibu Mwandamizi wa Uhuishaji wa Lugha za Kigeni, Ufipa ya Juu, ya Kati na ya Pembeni, na yeyote ambaye sikumtaja, naomba ajitaje kimoyomoyo ili tuendelee. (Makofi, mstari wa mbele tu.)

Ndugu wananchi, mlango huu mnaouona nyuma yangu, wenye kufuli ukubwa wa kiganja cha mkulima, si mlango wa kawaida, bali ni lango la kimkakati la Mradi wa Katuni kwa Lugha za Kigeni, kwa kifupi KALUKI, mradi ambao feizi yake ya kwanza imetekelezwa kwa asilimia mia moja na nne. (Sauti: “Hiyo nne imetoka wapi?”) Hiyo nne, Mzee Zenon, ni ziada ya bidii.

Nafahamu fika kwamba Mwalimu Fransiska ameniandikia barua nne akiomba ufunguo wa chumba hiki, akieleza kwamba darasa lake limesomea nje kwa miaka miwili, kwamba upepo wa Juni unapeperusha madaftari hadi bondeni, na kwamba mtihani wa Novemba hauahirishwi kwa sababu ya mafua. Barua hizo zimepokelewa, zimesomwa kwa hisia, na zimewekwa kwenye faili zuri sana la kijani. (Mwalimu Fransiska: “Mheshimiwa, mimi sikuomba faili, niliomba ufunguo.” Vicheko.) Subira, Mwalimu. Mambo ya digitali hayaendi kwa pupa.

Kwani KALUKI ni nini? KALUKI ni filamu fupifupi za vibonzo, dakika mbili au tatu, ambamo mwanafunzi anamwona sungura aliyevaa kofia akiingia sokoni, akisema bonjour, akiuziwa karoti, akisema merci, akaondoka zake. Na huyo mtoto, kabla sungura hajafika nyumbani, tayari anaongea Kifaransa kiasi cha kugombana na mtu. Wataalamu wanaiita intarakitivu laningi. Mimi naiita maono. Fikirieni wafanyabiashara wetu wa Kirando, wanaovuka ziwa kuuza dagaa Kongo, namna watakavyopatana bei kwa Kifaransa safi! (Shehe: “Mheshimiwa, wale wa ng'ambo tunaongea nao Kiswahili.”) Ndiyo, shehe, lakini mnaongea kwa mazoea. Mradi utawapa kuongea kwa mkakati.

Sasa wapo wanaopita mitaani wakiuliza, mbona chumba hakifunguliwi? Ndugu zangu, vifaa vya kisasa ni dhaifu. Vinataka ukavu. Ndiyo maana sakafu yote tumeitandika mbao, vifaa visigusane na unyevu. Ndiyo maana kila baada ya miezi mitatu mimi binafsi naingia humo, usiku na mchana, kuvinyunyizia dawa ya dumuzi. (Minong'ono. Mama Kalista: “Dumuzi wa mahindi anakula projekta?”) Mama Kalista, dumuzi wa siku hizi hachagui. Na ndiyo maana vifaa hivyo vililetwa na gari la ng'ombe la ndugu Alois wa Mpui, safari kumi na moja, mara tu baada ya mavuno, kwa kuwa lori lingevitikisa. (Alois, kutoka nyuma: “Na mgongo bado unaniuma, vile vifaa vizito!” Vicheko virefu.) Asante kwa ushuhuda, Alois. Kaa chini. Kaa kabisa.

Tuje kwenye matokeo. Madam Asnath alipofika asubuhi alitaka kuona katuni, na kwa kuwa umeme ulikuwa na mambo yake, akapelekwa kwa watoto kule kwenye matofali, ambako binti mmoja, Monika, alimwonesha daftari. Kwenye pembe ya kila ukurasa amechora kwa kalamu ya wino mtu mwenye jembe. Ukizipitisha kurasa kwa kidole gumba, haraka, yule mtu anainama, anafunika majani kwa udongo, tuta linainuka, kama tunavyolima sisi hapa Ufipa. Na Monika huku anasema kwa Kifaransa, analima, amelima, atalima. Darasa zima wanayo. Yupo mwenye ng'ombe anayekataa kuvuta plau. Yupo mwenye mama anayekoroga ugali wa ulezi, na ukirudisha kurasa nyuma ugali unageuka unga. Madam alicheka mpaka akavua miwani. Ndugu wananchi, hiyo ndiyo KALUKI! (Mwalimu Fransiska: “Hayo madaftari wamenunua wazazi wao!”) Ushirikishwaji wa jamii, Mwalimu! Steikholda! Tuliufunga mlango huu makusudi ili ubunifu ubaki nje!

(Madam Asnath anasimama na kusema kwamba hatapanda gari mpaka auone mlango umefunguliwa. Makofi, safari hii mistari yote. Wanafunzi wameinuka na matofali yao, wamejipanga mlangoni.)

Naona... naona mwamko. Basi kwa kuwa muda umetutupa mkono, nifunge kwa kaulimbiu. Nikisema KALUKI, ninyi mseme juu! KALUKI! (“Ufunguo!”) Sungura wa Kifaransa! (“Ufunguo!”) Haya, tumeelewana kwa kiasi chake.

Namshukuru Mama Kalista kwa shuka jeupe alilotuazima liwe skrini; mama, shuka lako halijaguswa na picha yoyote, lina vumbi la pumba tu, likung'ute. Nawashukuru mafundi wa projekta, ambao endapo siku moja watapatikana, watakuwa hodari. Namshukuru sungura, popote atakapochorwa. Namshukuru ndugu Alois kwa kuniazima turubai na kwa kutouliza maswali kabla ya leo. Naishukuru mvua ya msimu uliopita, maana shamba langu la Pito lilizaa kupita ghala la nyumbani, na mke wangu akakataa katakata kulala na magunia.

Mwalimu Fransiska, pokea ufunguo. Ila waambie watoto wasisukume kwa nguvu, wafungue taratibu, wakae pembeni: safu ya mbele nilipanga haraka haraka, na gunia la juu kabisa linaegemea mlango.