Uwanja wa Kugeuzia Gari la Wagonjwa

Jumatatu, 8 Septemba

Zimamoto wamepanda kutoka Moshi mjini kutufundisha mambo ya dharura. Mkutano umefanyika hapa Kilema, nje ya ofisi ya kijiji. Sajenti Loveness anaongea vizuri. Piga 114, haina malipo. Taja kijiji, kitongoji, kilichotokea, na usikate simu mpaka uambiwe. Mtu mmoja akasimame njia panda kuongoza gari. Aliyeanguka asibebwe kama gunia.

Hayo nilisikiliza nusunusu. Nilichosikia vizuri ni kwamba kitongoji kinatafuta uwanja mmoja wa kugeuzia gari la wagonjwa, na machela itatunzwa hapo. Njia ya kwenda kwenye uwanja huo itamwagwa kifusi. Kifusi hadi mlangoni kwangu!

Mshindani ni mmoja tu, Denis, jirani yangu wa juu. Uwanja wake ni mpana kuliko wangu, nakubali. Lakini Denis ana ng'ombe wawili wa maziwa, bati la rangi, na sauti nzuri kanisani. Kifusi aniachie.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeng'oa migomba minne kupanua uwanja. Mke wangu, Mektrida, ameuliza kama nina akili timamu, maana miwili ilikuwa na mikungu. Nimemwambia haya ni maendeleo. Amesema basi nitakula maendeleo.

Jioni nimefanya jambo dogo. Mfongo, mfereji wetu wa maji ya shambani, unapita upande wa juu wa njia ya Denis. Nimetoa jiwe moja tu ukingoni. Maji yenyewe ndiyo yaliyoamua kushuka njiani kwake.

Alhamisi, 11 Septemba

Afande Loveness amekuja kukagua. Kwa Denis kiatu chake kimezama kwenye tope. Nimempa pole kuliko wote. Kwangu amesema uwanja unafaa, ila hana hakika kama gari litakata kona ya getini. Ataamua wiki ijayo.

Kwa nini tukae na wasiwasi wiki nzima? Gari lije likate kona, watu waone. Nitaanguka kesho.

Jiwe la mfongo nimesahau kulirudisha. Lipo tu, haliendi popote.

Ijumaa, 12 Septemba

Mabega yananiuma. Naandika kwa shida.

Asubuhi nililala chini ya mparachichi na kupiga 114. Nikasema nimeanguka kutoka juu. Nilitaja kijiji na kitongoji, sikukata simu. Mektrida nilimtuma sokoni mapema. Gari likaja, likakata kona bila kugusa geti. Safi kabisa! Hapo nilipanga kuinuka, nishukuru, tucheke kidogo.

Hawakunipa nafasi. Afande Loveness alinishika kichwa nisitikisike. Mwenzake akanivisha kola ngumu shingoni, kisha akachukua mkasi akakata suruali yangu ya kanisani, mguu mzima. Nikaulizwa kama naihisi miguu. Niliona nikijibu ndiyo haraka nitaharibu, nikasema naihisi kwa mbali. Nikafungwa mikanda kwenye ubao, safari ya hospitali ikaanza.

Hatujafika lami, redio ikaita. Kuna mzee kitongoji kile kile tulichotoka. Ameteleza njiani na mzigo wa majani ya ng'ombe, paja limevunjika, damu nyingi. Mzee Melkior, baba yake Denis. Baba yangu wa ubatizo. Nikamsikia Afande akiuliza gari lingine liko wapi. Liko Mkuu, Rombo, na lina mgonjwa.

Moyo uliniuma kweli. Nilijua ni njia ipi na ni tope lipi. Mzee Melkior ndiye aliyenilipia ada baba yangu alipofariki.

Nikasema Afande, nimepona. Akaniambia nichezeshe vidole vya miguu. Nikavichezesha vyote. Akanifungua mikanda na kola. Akamwambia dereva ageuze.

Gari lilinasa kwenye tope chini ya nyumba ya Denis. Ikabidi machela ibebwe kwa mikono, watu wanne, na Afande akanielekeza pembe ya mbele. Nilipanda na mguu mmoja wa suruali. Mzee alikuwa mweupe midomoni. Walimfunga jeraha, wakanyoosha mguu, tukateremka naye polepole. Denis aliuliza nani amefungua mfongo. Nikasema maji ni maji.

Mzee akanishika mkono. Alisikia kwamba na mimi nimeanguka. Akaniambia pole sana mwanangu, ungepumzika.

Jumapili, 14 Septemba

Mzee amefanyiwa upasuaji, anaendelea vizuri. Daktari amesema angechelewa zaidi tungempoteza. Sikula mchana.

Mwenyekiti wa kitongoji amesoma mbele ya watu kwamba kupiga simu ya uongo ni kosa la jinai, na safari hii nimepewa onyo. Uwanja amepewa Denis. Njia yake itamwagwa kifusi. Wa kukisambaza ni mimi, kwa koleo langu.

Jumamosi, 27 Septemba

Mzee Melkior amerudi nyumbani na chuma mguuni. Nimepeleka pombe ya mbege na jani la isale, ambalo kwetu ndilo la kuombea msamaha. Nimepiga magoti nikasema yote, jiwe na mparachichi. Denis alitaka kusema neno, lakini mzee alikwisha kulipokea jani. Isale likishapokelewa, kesi imekwisha, hata Denis anajua. Ilimbidi anijazie kata ya mbege. Nililia, na sikuwa naigiza.

Wakati wa kurudi nilitafakari sana. Jani moja limefuta makosa mawili. Pia nimesikia mwenyekiti anatafuta mtu wa kusimama njia panda kuongoza gari, atapewa jaketi la kung'aa. Denis amempendekeza shemeji yake. Shemeji yake ni kipofu wa usiku, na mtu anaweza kulithibitisha hilo mbele ya watu akijipanga vizuri.

Jioni nimepanda masale kumi na mawili nyuma ya jiko. Mektrida ameuliza kama naweka mpaka, maana masale ndiyo hupandwa mipakani. Nimemwambia hapana, ni akiba.