Geti la Kuzuia Maji na Mashemeji

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Usalama, Mtaa wa Mwinuko.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA GETI KABLA MAJI HAYAJARUDI NA JAMAA ZAKE

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mkavu. Mimi pia ni mkavu, namshukuru Mungu, na huo ukavu ndio chanzo cha matatizo yangu yote.

Mimi ni yule fundi redio wa nyumba yenye baraza la kijani, pale barabara ya kutoka bondeni inapomaliza kupanda. Katika mkutano uliopita nilinyoosha mkono mpaka bega likauma, ukampa nafasi muuza mkaa, naye akazungumza hadi watu wakaanza kukunja viti. Kwa hiyo naandika. Nasikia kamati imegawanyika kuhusu kuweka geti barabarani baada ya mafuriko, na kwamba mwalimu mstaafu anasema barabara ni ya wote. Kwa heshima zote, mwalimu anakaa nyumba ya juu kabisa, ambako hata mbu hufika amechoka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Maji yalipanda kwa kutumia barabara. Hayakuruka ukuta wala kunyata uani kama mwizi. Yalishika njia kama mtu aliyealikwa, yakaja mpaka chini ya ngazi zangu, yakatazama, yakarudi. Hodi hayakupiga. Kungekuwa na geti na mlinzi wa kuuliza unakwenda kwa nani, maji yangejibu nini?

2. Maji yaliporudi bondeni, wakaja watu wa huko. Nao ni dada yangu, mume wake, watoto wao, na godoro lililolowa mpaka likawa na uzito wa jeneza. Niliwaambia karibuni, hapa ni kwenu, kama asemavyo mtu yeyote mwenye adabu. Sikujua kuna watu wanaoamini. Mama yangu akanikumbusha kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikamjibu kuwa mimi sikuwa mgonjwa.

3. Jembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nilimkabidhi shemeji jembe kwa mikono miwili. Kila aliyelelewa anajua fumbo hilo linamtaka mgeni akumbuke kwake. Shemeji alishukuru sana, akauliza aanzie wapi. Sasa nina mtaro kuzunguka nyumba, nina matuta ya mboga ambayo sikuyaomba, na juzi nilimkuta ameshavuka hadi kwa jirani yangu kinyozi. Kinyozi amefurahi, eti nimwazime shemeji wiki ijayo. Mwenyekiti, utamfukuzaje mgeni anayefanya kazi kuliko mwenyeji? Kilichobaki ni geti.

4. Salamu. Tangu dada ahamie kwangu, bonde zima linapanda kumpa pole, na njia inapita mbele ya meza yangu ya kazi. Nimeitikia marahaba mpaka chuma cha kulehemu kikapoa mkononi. Wengine wanakuja na redio zilizozama. Moja niliifungua akatoka chura, na hakuonekana kuwa na haraka.

5. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mama ninaishi naye, tumezoea kula wawili, kimya, kama watu wanaoheshimiana. Sasa wajukuu wamemlalia miguuni, anacheka mpaka anashika mbavu, anawasimulia vituko vyangu vya utotoni nilivyodhani vimezikwa. Juzi niliitwa mezani kwa jina nililoitwa kabla sijaota meno. Chakula changu kinapakuliwa baada ya watoto, na kipande kizuri ninakiona kikipita. Sitaki kuambiwa nina wivu. Nadai haki yangu.

Kwa hiyo naomba geti la chuma chini ya barabara. Kwa kuwa watu wa bondeni watapita vichochoroni, naomba na kila kichochoro kiwe na lake. Kwa kuwa dada ameshaingia, litahitajika geti jingine nyuma yake, karibu na baraza langu, likifunguka kwa upande wa kutoka tu. Na kwa kuwa usalama huanzia nyumbani, la mwisho liwekwe kati ya sebule na chumba cha Mama, ufunguo nikae nao mimi.

Kuhusu vibarua, kamati isihangaike. Shemeji amekubali kuchimba mashimo ya nguzo. Nilipomweleza geti ni la kuzuia watu wa namna gani, alitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema watu wa namna hiyo wanasumbua sana, kisha akauliza mashimo yawe na kina gani.

Nisalimie mama watoto, katibu, muuza mkaa na kinyozi ukiwaona. Msalimie na mwalimu mstaafu, ingawa salamu yake ipande polepole.

Ni mimi, mkazi mkavu mwenzako,

Fundi Redio

Nyongeza: Kabla ya kuifunga barua hii niliisoma kwa sauti mezani, maana nilitaka Mama asikie Kiswahili changu. Hakuna aliyecheka. Dada alikunja nguo za watoto, akanishukuru kwa kuwahifadhi, tena kwa adabu iliyonichoma kuliko tusi. Yeye, mumewe na watoto wakashuka kwao bondeni, ingawa kuta zao bado zinatoka maji. Mama akabeba kiti chake akawafuata. Mlangoni aligeuka.

"Mkifunga hilo geti, mwanangu, mimi nihesabuni niko nje."

Nikabaki na sebule yangu nzima. Nilikalia kila kiti kwa zamu. Nilijipakulia kipande kizuri, kikanishinda. Nimeona aibu, Mwenyekiti, na nimewakumbuka, hata yule mdogo anayechezea nyaya zangu. Kufikia jioni nilikuwa nimeshuka kumrudisha Mama. Akaniambia nikae kwanza. Bado nimekaa.

Ombi la geti nimelifuta. Kama kamati imeshanunua vyuma, tafadhali vishusheni huku, paa la dada linahitaji mhimili. Jibu langu pia lilete huku. Nyumba utaitambua, ni ile isiyo na mlango, maana uliondoka na maji. Hodi usipige, hakuna pa kugonga. Ingia tu, tutasogea.