Redio Niliyoikaza kwa Mikono Yangu

Jumatatu, tarehe 4

…na kwa hiyo si kweli kwamba baba mkwe hanipendi. Hajanisikia hewani tu. Mke wangu (naandika tena, mke wangu, kalamu yenyewe inatabasamu) anasema nisiwe na wasiwasi. Nitaachaje? Jumapili anapanda mlimani, kwenye kituo cha hali ya hewa, kazi ya miezi sita, na huko simu haishiki kabisa. Kuna redio ya upepo tu, ile ya kuitana hewani. Yeye ana leseni ya kuongea hewani tangu akiwa msichana. Mimi sina. Na anayependekeza watu wapewe leseni ni mwenyekiti wa klabu ya redio. Baba yake.

Sharti la mzee halijawahi kulegezwa. Mgeni alete redio kuukuu ya biashara aliyoigeuza mwenyewe ifike kwenye masafa ya klabu, aifunue mezani mbele ya wanachama, kisha aite mtu. Kikao ni Jumamosi. Kingine ni mwakani.

Redio nimeshapata, ya kampuni ya teksi iliyofungwa. Aina ile ile kama ya mke wangu. Hata redio zetu ni pacha. Amejitolea kunifundisha. Nimekataa. Nataka ashangae.

Jumanne, tarehe 5

Nimeifungua. Ndani ni kama mji mdogo unaoonekana kutoka juu. Kuna vikopo vya bati, kila kimoja na kiskrubu chake, na vyote vimelegea. Si ajabu kampuni ilifungwa. Nimevikaza kimoja kimoja mpaka vikagoma. Mezani nimekula kama mtu aliyejenga daraja. Mke wangu ameuliza nacheka nini. Nimemwambia nacheka kwa kuwa ameolewa na mimi.

Jumatano, tarehe 6

Redio haisikii kitu. Hata mkoromo haina.

Akapita binamu ya mke wangu, mrefu, mwembamba, fundi wa kutisha; klabu nzima inamwita Antena. Akachungulia ndani, akauliza nani amekaza koili, yaani vile vikopo. Nikasema imekuja hivyo hivyo. Akasema basi, shemeji, wale madereva walikuwa wanaongea na usukani. Alicheka huku ameshika ukuta. Kumbe kila kiskrubu huzungushwa kidogo mno, kwa kipimo, mpaka redio ihamie masafa mapya. Kulegea kwake ndiyo kazi yake. Kuvirudisha sasa ni shughuli ya kutwa nzima, kwa anayejua. Akataka kunisaidia. Nikamwambia nashukuru, nina mpango. Sikuwa nao. Ulinijia alipokuwa anafunga mlango.

Alhamisi, tarehe 7

Mpango ni mzuri kiasi kwamba naogopa kuuandika. Mke wangu alikwenda kununua sweta za mlimani. Redio yake iko juu ya kabati, ameigeuza zamani, inaimba. Nimetoa matumbo yake nikayaweka kwenye kasha langu la teksi. Matumbo yangu yameingia kwenye kasha lake lenye ua la bluu. Baada ya kikao nitarudisha kila kitu kabla hajafungasha.

Skrubu ya mwisho ilikuwa mkononi mlango ulipofunguka. Nusura niimeze. Alikuwa amevaa sweta mojawapo, ya kijani. Nikaisifu mara tatu, na si kwa hofu peke yake.

Ijumaa, tarehe 8

Balaa. Nimerudi kutoka kazini nikakuta redio ya ua la bluu imeshaingia kwenye begi lake. Tena kesho hatakuja kwenye kikao. Atakaa nyumbani na redio hiyo, ili yeye awe mtu wa kwanza kunijibu hewani. Ameliwaza hilo tangu siku tulipochumbiana.

Yaani nitaiita redio kiziwi. Na nisipowahi kubadilisha, atapanda mlimani na redio hiyo hiyo, akae miezi sita bila kusikia sauti ya binadamu. Nimejaribu kulifikia begi. Amelikalia. Nimefungua kinywa nikiri kila kitu, akaniwekea kichwa begani. Nani angekiri hapo? Akashika mkono wangu, akauliza kama vidole havijachoka. Nimemjibu kwamba mapenzi hayachoshi vidole. Alikohoa kwa muda mrefu. Hewa ya mlimani itamfaa.

Jumamosi, tarehe 9

Nimefunua kasha mezani. Baba mkwe akainama. Kila kiskrubu kina tone la rangi nyekundu ya kucha, ili kisisogee. Akauliza nani kapaka. Nikasema mimi. Akasema ajabu, binti yake alimaliza chupa ya mama yake kwa mtindo huo huo, nyumba ikanuniana wiki nzima. Antena alikuwa anatazama dari, mabega yanamtikisika. Mzee akaniambia haya, mkwe, ita.

Nikaita. Kimya. Nikaita tena. Kimya, wanachama wanavuta viti. Jasho limenifika kwenye soksi. Mara ya tatu nilimwita kama mtu anayeaga dunia.

Akajibu! Sauti yake, safi, chumba kizima kikisikia. Akasema mara mbili za mwanzo pia alinisikia, ila alitaka nitoke jasho kidogo. Akasema Ijumaa aliijaribu redio yake, akaikuta kiziwi, akashinda kutwa akilegeza viskrubu vilivyokazwa na mwanamume mwenye nguvu nyingi. Akamsalimu baba yake.

Hukumu: leseni hakuna mpaka mwakani. Ila kila jioni niende kwa mzee kumsikiliza mke wangu. Nikiwa na la kusema, mzee atanisemea.

Jumapili, tarehe 10

Ameondoka, na matumbo ya redio yake yamerudi ndani ya kasha lake. Sikioni akaninong'oneza kwamba kunifundisha kungemchukua mchana mmoja tu. Amevaa sweta ya kijani. Siwezi kuendelea kuandika.

Alhamisi, tarehe 14

Jioni kwa mzee. Nimemwomba amwambie mke wangu kwamba mto wake bado unanukia nywele zake na kwamba naulalia mimi. Mzee amekivuta kipaza sauti, akasema, "Mumeo anasema huku hakuna mvua." Mke wangu akacheka, akajibu kwamba na yeye huko hana mvua, hana kabisa, anaisubiri. Antena akaingia hewani akaomba taarifa ya mvua irudiwe.

Haiwezekani kuishi hivi. Kwa muuza vyuma chakavu nimepata redio nyingine, ya kampuni ya mabasi. Nitampelekea mwenyewe, aigeuze mbele yangu, aone nilivyo msikivu. Nimeifungua kidogo tu. Viskrubu vimelegea vyote. Najua Antena alisema nini, lakini ile ilikuwa ya teksi, na teksi hutembea kwenye lami. Njia ya mlimani ina mashimo.

Nimevikaza. Mke wangu, kabla mwezi huu haujaisha nitabisha hodi mlangoni kwako nikiwa nayo begani, na hakuna kitakachokuwa kimelegea.