Kuhusu Picha Yangu Inayodaiwa Kuziba Kiti

Ofisi ya Mwanzilishi,
Karakana ya Samani, ghorofani, juu ya stoo ya mbao.

Kwa Msimamizi wa Tovuti,
Chumba cha chini, karibu na mashine ya kuranda.

Ndugu Msimamizi,

KUPINGA KUONDOLEWA KWA PICHA YANGU KATIKA UKURASA WA MBELE

Natumaini u mzima wa afya, ingawa sina haja ya kutumaini kwa sababu nakusikia kutoka hapa juu ukicheka na fundi Msasa. Ningeweza kushuka ngazi tukayamaliza. Wewe ni mtoto wa mdogo wangu, na baiskeli nilikufundisha mimi. Lakini jambo hili ni la kiofisi, na ya kiofisi huandikwa.

Ulipotuletea habari ya tovuti, mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote. Nilikupa picha yangu ile ya suti ya kijivu, nimeketi kwenye kiti cha mvule chenye mikono iliyochongwa maua. Nikakuandikia na Historia ya Mwanzilishi, sehemu kumi na moja, bila kumwomba mtu msaada. Kisha ukaingiza hicho kidude chako cha takwimu, kinachoangalia nani kaingia, kabofya wapi, kakaa kiasi gani na katokea mlango upi. Tangu hapo sina raha. Kila Jumatatu unanipandishia karatasi yenye michoro ya rangi, na kila Jumatatu mkosaji ni mimi.

Oda zimepungua, sikatai. Msasa na wenzake wanamaliza kazi kabla ya mchana, kisha wanafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Umeniambia hali ikiendelea hivi itabidi baadhi yao tuagane nao. Hilo linaniuma mimi kuliko wewe, maana wale mafundi wote wameshika randa yao ya kwanza mikononi mwangu. Lakini kusema kwamba kinachofukuza wateja ni mimi kukaa pale mbele, hapo mwanangu umevuka mpaka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umetangaza mbele ya mafundi kwamba picha yangu ni nzito mno. Najua ulikusudia uzito wa faili. Msasa hakujua, akaniangalia tumbo. Unadai picha inashuka polepole kutoka juu, na kwamba wateja wenye mtandao hafifu huishia kwenye paji la uso wangu, wakachoka, wakaenda zao. Mimi nauliza, mtu asiyeweza kusubiri uso wa fundi atawezaje kusubiri kabati? Kabati letu huchukua mwezi. Kwa hiyo picha yangu haifukuzi wateja, inawachuja, na kazi hiyo inaifanya bila mshahara.

2. Umenionyesha ile ramani inayopaka rangi nyekundu mahali watu wanapobofya. Nikaona wekundu umejaa pichani kwangu, nikashukuru. Ndipo ukaja na kalamu yako kunionyesha kwamba hawabofyi uso. Wanabofya mkono wa kushoto wa kiti, wanabofya miguu ya kiti, na wengine wanabofya kifuani pangu wakijaribu kuona mgongo wa kiti ukoje. Ulisema, na maneno haya nimeyaandika pembeni yasipotee, kwamba Baba Mkubwa amekaa mbele ya bidhaa. Ndugu Msimamizi, nilikuwa nimekaa juu ya bidhaa. Kiti hukaliwa. Ningesimama pembeni yake watu wangedhani kimevunjika.

3. Historia ya Mwanzilishi umesema hakuna anayefika sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza yenyewe, umesema, wengi wanaiacha pale ninapoeleza gundi tulizotumia zamani. Nami nimekutafutia dawa: usimwonyeshe mtu kitanda wala meza mpaka asome sehemu zote, kisha aulizwe swali dogo tu kuhusu gundi. Akikosa, arudi mwanzo. Umekataa kwa kutikisa kichwa, bila hata kuniandikia.

4. Sikukaa nikalalamika tu; nilijaribu kukusaidia. Niliwaamuru mafundi wote, kila asubuhi kabla ya kushika patasi, wafungue Historia kwenye simu zao na kuiteremsha taratibu mpaka mwisho. Walilalamikia bando, nikawanunulia. Wiki hiyo takwimu zilipanda vizuri sana, nikakununulia na wewe soda. Jumatatu yake ukagundua kwamba wasomaji wote wametokea jengo hili moja, ukawafuta kwenye hesabu kana kwamba si watu! Msasa alikuwa amefika sehemu ya nne. Anadai ameanza kuipenda, na mimi sioni sababu ya kutomwamini.

5. Kisha ukafanya lile jaribio lako. Nusu ya wanaoingia waonyeshwe picha yangu, nusu waonyeshwe kiti kitupu, ili tuone nani anaagiza. Hukuniomba ruhusa; nilipata habari kwa mdogo wangu, yaani baba yako, ambaye alionyeshwa kiti kitupu akapiga simu kuuliza kama nimefariki. Matokeo, unasema, ni kwamba walioonyeshwa kiti kitupu waliulizia viti, na walioniona mimi walitoka. Sasa hapo takwimu zimekupotosha. Anayeona kiti kitupu anabaki na hamu, ndiyo maana anauliza. Aliyeniona mimi ameridhika, hana swali tena, ameondoka na moyo mweupe. Huwezi kumhesabu mtu aliyeridhika kama hasara.

Tena umenitolea mfano wa Vanishi, huyo jirani yetu mwenye karakana upande wa pili wa barabara, kwamba tovuti yake inafunguka upesi na haina hata picha moja yake. Mimi nisingejisifu kwa hilo. Mtu anayeficha uso wake na kuonyesha viti tu, lazima viti vyenyewe vina jambo.

6. Hili ndilo kubwa, nimeliacha mwisho makusudi. Katika karatasi zako zote kuna mtu mmoja ambaye wewe humtaji mpaka nikuulize. Mtu huyu hufungua ukurasa wa mbele kila jioni, bila kukosa. Haendi kwenye bei, haendi kokote. Anasubiri picha yangu ishuke yote, anaivuta iwe kubwa, anakaa nayo kuliko mtu yeyote anavyokaa na kitu chochote katika tovuti nzima. Unasema yuko mji huu huu, anatumia simu. Mimi nimempa jina la Mpenzi wa Picha. Siku zote nilizokaa hapa juu na karatasi zako, nikijiona nimezeeka ghafla na sihitajiki katika karakana niliyoijenga kwa mikono yangu, huyo ndiye aliyenipa nguvu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: picha yangu ibaki. Iongezwe ukubwa ili Mpenzi wa Picha asipate taabu ya kuivuta. Iwekwe katika kila ukurasa, pamoja na ule wa magodoro. Yeyote anayetaka kutoka katika tovuti aombwe kwanza kueleza sababu kwa maandishi, na sababu ziletwe kwangu niziidhinishe. Na hicho kidude cha takwimu, kama hakiwezi kuzimwa kabisa, basi kifundishwe adabu.

Nisalimie baba yako, umwambie niko hai. Nisalimie mama yako, na mafundi wote, pamoja na Msasa, umwambie sehemu ya tano ni nzuri kuliko ya nne. Salamu ziwafikie pia wateja waliosubiri wakavuka paji la uso.

Wako katika ukoo na katika mbao,

Baba Mkubwa,
Mwanzilishi.

Tanbihi: Barua hii nilimpa Mama Mkubwa wako aipitie kabla sijaituma. Alipofika lalamiko la sita alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Mpenzi wa Picha ni yeye. Anasema uso wangu anauona nyumbani bure. Anachokitazama kila jioni ni kiti chake. Ni kweli kiti kile nilimchongea yeye tulipooana, nikakiazima siku moja tu kwa ajili ya picha, kikanizoea hapa ofisini, na yeye tangu hapo anakalia stuli. Huivuta picha iwe kubwa ili aone kama nimekikwaruza mkono wa kushoto. Nimekikwaruza.

Nimemwagiza Msasa akirudishe nyumbani, na maneno haya nayaandika nimesimama. Kwa kuwa sitaki upendeleo katika karakana yangu, nilifungua tovuti yetu niagize kiti kingine kama mteja yeyote. Nikasubiri. Zikaja nywele. Nikasubiri. Likaja paji la uso. Chai ikapoa, paji likabaki pale pale linaniangalia. Nikafunga. Jumatatu utaniona katika takwimu zako, katika wale waliotoka, na nakuhakikishia sikuwa nimeridhika.

Tovuti ya Vanishi ilifunguka papo hapo. Ana viti vizuri sana. Changu kitaletwa Alhamisi, kwa hiyo picha yangu iondoe leo hii, mwanangu, na siku hiyo watafutie mafundi kazi ya uani, wasione gari la Vanishi likishusha kiti mlangoni kwetu.