Fuateni Puto

Jumatatu, 3 Machi

Kisigino cha kulia. Nimeshuka kitandani nikaruka kama nimekanyaga kaa la moto. Nikamwambia mke wangu nimejikwaa kwenye zulia. Akasema hatuna zulia.

Mchana nikaenda kwa mtaalamu wa viungo. Mama mmoja mtulivu, mikono ya baridi. Akabinya mara moja tu. Nilivyopiga yowe, mgonjwa aliyekuwa akisubiri nje aliondoka. Akaniambia ukano wa nyuma ya kisigino umechoka, nipumzike wiki sita, na nikikimbia kabla haujapona unaweza kukatika kabisa. Nikauliza je, wiki mbili? Akasema sita. Nikauliza tena kwa upole zaidi. Akaita mgonjwa anayefuata, ambaye hakuwepo.

Wiki sita! Mbio za mtaa ni Jumapili ya tarehe kumi na sita. Mimi ni kapteni wa kikundi chetu cha mbio, na sheria inasema kapteni asipofika mwisho wa mbio za mtaa, basi, ukapteni unakwenda kwa naibu wake. Sheria nzuri sana. Niliitunga mwenyewe, mwaka ule kapteni aliyenitangulia alipoumwa mgongo.

Naibu wangu ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Watu wanamwita Upepo. Mimi simwiti.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu anajua kila kitu. Kumbe yeye na mtaalamu wa viungo wanasukwa nywele na msusi mmoja. Mtu atafichaje jambo katika mtaa kama huu?

Viatu vyangu vya mbio amevitia juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Amesema wiki sita ni wiki sita, hata nigaegae chini. Nikamwahidi kuwa siku ya mbio nitagawa maji tu. Nikaweka na mkono kifuani. Akaniangalia muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Viatu vya akiba viko dukani, chini ya godoro la springi. Nauza magodoro. Kwa mgonjwa hakuna kazi kama hii: mteja akiingia ananikuta nimelala, nasema namwonyesha ubora wa bidhaa. Leo nimelala mchana kutwa, pakiti ya njegere za friza imefungwa kwenye kisigino kwa soksi. Njegere ni za nyumbani. Jioni nimezirudisha zilipokuwa. Hakuna aliyeona.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata wazo, na sijui kwa nini wataalamu hawakuliwaza. Sponji! Nimekaa katikati ya sponji miaka yote hii nikilia maumivu. Nimekata kipande kwenye kona ya godoro la maonyesho, upande unaotazama ukuta, nikakitia ndani ya kiatu cha kulia.

Maumivu kwisha. Ila mguu wa kulia sasa ni mrefu kuliko wa kushoto, nikawa natembea kama mtu aliyeweka mguu mmoja barabarani na mwingine mtaroni. Nikatia kipande kiatu cha kushoto. Nikazidisha. Nikasawazisha kulia. Mwishowe nilikuwa mrefu kuliko mlango wa stoo na kamba hazifungiki tena.

Mwenye duka akapita. Akauliza kona ya godoro imeliwa na nini. Nikasema panya. Akanituma sumu ya panya. Nimekwenda, nimenunua, nimetega pale pale mbele yake.

Jumamosi, 8 Machi

Mazoezi ya kikundi. Nimesimama kando na filimbi, kazi ya kapteni. Upepo akapita mbele yangu akaniuliza kisigino hakijambo, Kapteni? Neno hilo “Kapteni” analitamka kama wengine wanavyotamka “marehemu.”

Lakini nilimwona vizuri. Macho yamemwingia ndani. Anajikokota. Akakiri mwenyewe kuwa miguu inamlemea, anakimbia asubuhi na jioni, hapati usingizi. Nikamshika bega, nikampeleka pembeni. Nikamwambia kama mkubwa wake kwamba mbio zote ni mapumziko. Alale. Aweke miguu juu. Asikimbie hata kuwahi mlango, mpaka siku ya mbio. Nikamtajia maneno yote ya mtaalamu wa viungo, neno kwa neno.

Shemeji wa watu akanishukuru kwa mikono miwili. Nimempaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wiki moja ya kulala, atakuwa amelainika kama mkate kwenye chai.

Jumatatu, 10 Machi

Nimejaribu kukimbia nyuma ya duka. Nilifika kwenye pipa la taka. Nimerudi kwa mguu mmoja huku nikishika ukuta, na mama muuza vitambaa wa duka la pili akaniuliza kama nacheza. Nikasema ndiyo.

Hali si nzuri. Lazima nipate njia ya kufika mwisho wa mbio bila kukimbia.

Jumatano, 12 Machi

Nimeipata!

Mwalimu wa michezo ndiye anayeandaa mbio. Mwaka huu kila kundi lina mshika puto: mtu mmoja anayejua mwendo, amefungiwa kijiti mgongoni, juu yake puto kubwa, wenzake wanamfuata ili wasipotee wala wasijichoshe mapema. Makundi ya mbele yameshapata watu wao. Kundi la mwisho halina. Puto la njano. Hakuna anayelitaka, kwa sababu hao hawakimbii, wanatembea wakipiga soga.

Nikajitolea. Nikasema kiongozi wa kweli anakaa na wa nyuma. Mwalimu wa michezo ana moyo laini, nusura machozi yamtoke. Nami nitafika mwisho wa mbio kwa miguu yangu, polepole, na Upepo ataendelea kuwa naibu mpaka anyauke.

Njia naijua. Tunaanzia uwanja wa shule, tunapita kichochoro cha nyuma ya nyumba yetu, tunapanda kilima mpaka kwenye tangi la maji, tunashuka kwa barabara kuu inayopita mbele ya nyumba yetu, tunarudi uwanjani. Sina wasiwasi na chochote isipokuwa kilima. Na kushuka kwake. Na kichochoro kina mawe.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekutana na kundi langu. Bibi wa Maktaba, ambaye kweli ndiye anayesimamia maktaba. Karani mstaafu. Akina mama wa ushonaji, wengi, wamekuja pamoja na wataondoka pamoja. Nikawahutubia. Nikasema kesho asiwepo wa kufikiri, nitafikiri mimi kwa niaba ya wote. Msitazame njia, msitazame watu, msitazame vibao. Fuateni puto. Puto likienda kulia, kulia. Likiingia motoni, ingieni. Wakapiga makofi. Bibi wa Maktaba akaomba nirudie ile ya moto, nikairudia.

Halafu nikamwona Upepo. Amelala wiki nzima. Lo! Ngozi inang'aa. Akaruka benchi akiwa amesimama pale pale, bila kujiandaa, akaja kunikumbatia. Akasema hajawahi kujisikia hivi tangu azaliwe, na shukrani zote ni kwangu. Nikamwambia karibu sana. Nimerudi nyumbani nikauma mto.

Mke wangu ameuliza kesho nitagawa maji kituo gani. Nikasema kile chenye maji. Akasema yeye atakuwa mwisho wa mbio kumpokea mdogo wake. Kisha, bila kumtazama mtu, akasema njegere za nyumba hii siku hizi zinayeyuka na kuganda zenyewe. Nikasema ni umeme.

Jumapili, 16 Machi

Naandika nikiwa nimelala. Mguu uko juu ya viti viwili.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Puto mgongoni, kundi nyuma, watu wanapunga mikono. Akina mama wa ushonaji walikuwa wanamsema mtu fulani na mume wake, nikawa nasikiliza, sikuhisi maumivu hata kidogo. Mbele huko Upepo keshapotea.

Tulipoingia kichochoroni, jiwe la kwanza. La pili. La tatu likanifikia mpaka kwenye meno. Jasho jembamba. Nikaona nyota mchana. Mtaalamu wa viungo alisema ukano ukikatika utasikika kama fimbo inayovunjika, nami nikawa natembea nimetega sikio. Niliogopa. Nasema kweli, niliogopa sana.

Mbele yangu nikaona lango letu la nyuma. Nikapiga hesabu haraka. Mke wangu yuko uwanjani. Njegere ziko friza. Naingia, naweka baridi kidogo, natoka, nawakuta kundi kwenye kilima kwa mwendo wao ule wa konokono. Nani atajua? Nikateleza ndani.

Mke wangu alikuwa jikoni. Amekaa kwenye kigoda, njegere mapajani, amezifunga kwa taulo tayari. Kiti cha pili ameshakivuta. Akaniambia kaa. Nikakaa. Akasema aliamua kutokwenda uwanjani kwa sababu alijua lango litanipitia mbele ya macho na sitaweza kulipita. Akaniinua mguu akauweka mapajani mwake, akaweka baridi. Akaniuliza ukapteni una nini mpaka nitake kuwa kilema kwa ajili yake. Nilikuwa naona raha ya baridi, na aibu kidogo.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka. Bibi wa Maktaba. Akatusalimia vizuri, akafuta miguu. Nyuma yake karani mstaafu. Nyuma yake akina mama wa ushonaji, mmoja baada ya mwingine, mpaka jiko likajaa, wengine uani, mmoja bafuni. Mke wangu akauliza hawa ni nani. Wakajibu kwa pamoja kuwa wanafuata puto.

Puto! Mgongoni! Mtu ukifungiwa kitu mgongoni unakisahau. Wakanishukuru kwa kuwaandalia mahali pa kupumzika. Mmoja akavua viatu. Mwingine akafunua sufuria akaonja, akasema chumvi imepungua.

Chumvi ndiyo iliyomaliza uvumilivu wa mke wangu. Akanichomoa kijiti mgongoni, akasema jikoni kwake leo halali mtu, akafungua mlango wa mbele, akatoka. Malapa miguuni, aproni kiunoni, puto juu. Wote wakamfuata. Karani mstaafu akachukua kiatu chake mkononi. Nikapiga kelele njia si hiyo! Hakuna aliyenisikiliza. Niliwaambia mwenyewe wasitazame njia.

Yaliyobaki nimehadithiwa. Alikuwa anataka kuwarudisha kwa mwalimu wa michezo tu. Lakini kutoka mlango wetu wa mbele mpaka uwanjani ni hatua mbili, na kilima chote wamekiruka. Wakimbiaji wa kwanza bado wanashuka kutoka kwenye tangi, uwanja mzima umesimama, bendi inapiga, anatokea mke wangu na aproni. Akakata utepe. Nyuma yake Bibi wa Maktaba, mikono juu. Kisha ndipo akaja Upepo, kifua mbele, macho amefumba, anasubiri utepe. Hakuna utepe. Akafika mpaka kwenye meza ya vikombe.

Alipofumbua macho akamwuliza dada yake anafanya nini pale. Dada yake akamwambia afunge kamba za viatu, ataanguka.

Jumatatu, 17 Machi

Mkutano wa dharura, maktaba. Nimekwenda kwa magongo. Mwalimu wa michezo amefuta matokeo ya kundi zima la puto la njano, na mwaka ujao maputo hakuna. Upepo ndiye mshindi halali, amepewa kikombe, hana furaha.

Kisha akasimama akasema sheria ni sheria: mimi sikufika mwisho, yeye ndiye kapteni. Nikasema sheria ile ilikusudiwa wagonjwa wa mgongo. Wakacheka. Sikuwa natania.

Bibi wa Maktaba akaomba neno. Akasema wao wa nyuma wamekuwa kikundini miaka mingi na hakuna kapteni aliyewahi kuwafikisha popote kabla watu hawajakunja meza. Jana wamefika. Wamepigwa picha. Akasema anampendekeza yule mama wa malapa. Upepo akadai si mwanachama. Karani mstaafu akamwandikisha hapo hapo. Kura ikapigwa kwa mikono. Akina mama wa ushonaji ni wengi, sijui kama nimeshasema. Nami niliinua mkono kuuliza swali, ukahesabiwa.

Basi. Kapteni ni mke wangu. Amekubali, ati kwa muda, mpaka watu wenye akili wapatikane. Upepo ni naibu. Mimi sina cheo.

Amri yake ya kwanza ameitoa tukiwa njiani kurudi: wiki sita. Nimevumilia. Nilitaka kukasirika, lakini alikuwa amebeba gongo moja na mimi nimemwegemea yeye.

Alhamisi, 20 Machi

Nimelala dukani nikifikiri. Akili imetulia, kichwa ni chepesi.

Sheria haijabadilika! Mwaka ujao mke wangu asipofika mwisho, ukapteni unakwenda kwa naibu. Na naibu ni shemeji tu, huyo nitamwondoa. Kwa hiyo kazi ni moja: mke wangu asifike.

Ameanza mazoezi leo alfajiri, na wale akina mama. Amerudi anahema, anajikanda magoti, analalamika miguu mizito. Nikamletea kigoda. Nikamwinulia miguu. Nikamwambia, kama mtu anayemtakia mema, kwamba mbio zote ni mapumziko. Alale. Asikimbie hata kuwahi mlango.

Amenishukuru kwa mikono miwili. Amekwenda kulala.

Keshalainika. Kesho nitajaribu mpaka kwenye pipa la taka. Sponji safari hii nimekata kona ya pili.