Ndege wa Bati na Sukari ya Hawa

Jamani, leo nimejianika mwenyewe, tena mbele ya bunduki. Mnisamehe mwandiko.

Mnajua mimi ni fundi bati hapa Kisugu. Siku hizi bati jipya halipatikani, kazi imelala. Basi nikakata makopo matupu ya samli, nikatengeneza ndege kumi na wawili, kila mmoja na waya wake, mabawa yana bawaba. Nikawapandisha juu ya mlingoti uani. (Mke wangu Hawa aliuliza ni wa nini. Nikamwomba anishikie ngazi.)

Asubuhi upepo ukaja kutoka ziwani. Ndege wa kwanza akapiga mabawa, wa pili akafuata, mpaka wa mwisho, kisha wote wakageuka pamoja. Wanawake waliokuwa wakienda bombani wakatua madebe wakatazama. Jirani yetu Nalongo, ambaye hajacheka tangu mwanawe achukuliwe, akacheka. Nikajiona mtu.

Ndipo gari la jeshi likasimama.

Nilipogeuka, wanawake hawapo. Madebe yapo. Gari la namna hiyo likisimama mtaani kwetu, mtu huondoka nalo, na harudi. Akashuka mkubwa mmoja mwenye miwani nyeusi, na askari wawili nyuma yake.

"Nani natengeneza hii?"

"Mimi, afande."

"Iko fanya kazi gani?"

"Haifanyi kazi, afande. Inaruka tu." (Hata mimi nisingeamini.)

Hakujibu. Akainua uso, akatazama juu. Kimya kile kilinishinda.

"Si antena, afande. Redio sina. Ninayo, lakini imekufa."

Bado anatazama juu.

"Na ile sukari ya magendo chini ya kitanda si yangu. Ni ya mke wangu."

Hawa alikuwa mlangoni. Alisikia kila neno.

Mkubwa akavua miwani taratibu. "Sukari gani?"

Nikatazama viatu vyake.

"Mimi nasimama kuangalia ndege tu," akasema. "Kwetu kaskazini, jioni, ndege iko ruka hivi hivi."

Askari walishaingia ndani. Wakatoka na gunia, wakalipakia. Nikasubiri nipakiwe na mimi. Yeye akabaki palepale, mikono nyuma, mpaka upepo ukatulia. Kisha akaomba ndege mmoja. Aliomba kwa adabu kabisa. Sukari hakuomba.

Wakaondoka. Nikakaa chini kwenye vumbi.

Hawa akanijia, akasimama juu yangu. "Kwa hiyo ni ya mke wako?" Chai ameniletea, bila sukari, chungu kama dawa.

Mkija kesho, tazameni ndege, mimi msinitazame. Na anayetaka kucheka akachekee kwake, tena afunge dirisha.